Siku moja maishani mwangu: kuchonga mirabaraba kwenye mpini wa bastola kwa tupa

Kazi ya leo ni uso wa mbele wa mpini, pale vidole vitatu vinaposhika. Bastola ni ya chuma cha pua cha kawaida, kile kinachoshika kutu, muundo wa 1911 (bastola ya zamani ya jeshi la Marekani), na kama ilivyokuwa ile ya kijeshi ya mwanzo, sehemu hiyo ni laini kabisa. Mkono ukitoka jasho, unateleza. Mirabaraba, yaani mifuo inayokatana na kuacha ncha ndogo ndogo, ikichongwa vizuri, mpini unang'ang'ania kiganja. Ikichongwa vibaya, kosa litaonekana maisha yote ya fremu, yaani mwili wa bastola, kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi. Hakuna mashine hapa: ni meza, jiliwa, tupa na taa.

Saa 1 asubuhi

Magazini (kasha la risasi) inatoka, slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) inavutwa nyuma, chemba (tundu la risasi) inaangaliwa kwa macho kisha inaguswa kwa kidole. Risasi hazikai chumba kimoja na kazi hii. Bastola inafunguliwa mpaka ibaki fremu tupu; vinatoka slaidi, mtutu, kifyatulio, nyundo, springi zote, kitufe cha kuachia magazini na vibao vya ubavuni. Unga wa tupa hupenya kila mahali, na chenga ndogo ikinasa kwenye mfumo wa kifyatulio huo si usumbufu tena, ni hatari.

Jambo la sheria nalimaliza hapa: katika nchi nyingi fremu yenyewe ndiyo inayohesabika kuwa silaha, hata ikiwa tupu. Kwa hiyo fremu inayoingia kwenye jiliwa ni ya mwenye kibali chake, na tupa haikaribii namba iliyopigwa ubavuni.

Saa 2

Kabla ya tupa, unene. Wengi huruka hatua hii. Taya bapa za kalipa, kifaa cha kupimia unene, hazipimi vizuri ukuta uliopinda, hivyo weka shina la keekee la milimita 5 ndani ya njia ya magazini, pima kutoka nje ya uso wa mbele hadi upande wa pili wa shina, halafu toa 5. Pima juu, katikati na chini. Kama fundi wa kabla yako alishakula chuma chini ya kikinga cha kifyatulio ili mkono upande juu zaidi, hapo patakuwa pembamba kuliko kwingine.

Sasa hesabu. Tupa ya mirabaraba ya mistari 20 kwa inchi huacha milimita 1.27 kati ya mfuo na mfuo. Meno yake yakiwa na pembe ya nyuzi 90, mfuo ulioiva hadi ncha kali unakwenda chini nusu ya nafasi hiyo, yaani milimita 0.64. Yakiwa ya nyuzi 60, unafika milimita 1.1, na hiyo ni tofauti kubwa kwenye ukuta mwembamba. Mistari 30 kwa inchi ina nafasi ya milimita 0.85, na kwa nyuzi 90 kina chake ni milimita 0.42 tu. Ukuta utakaobaki ukiwa chini ya milimita moja na nusu, mimi naacha mistari 20 na kuchukua 30. Zaidi ya hapo, mistari 30 haikwaruzi ngozi sana, ila kazi yake ni karibu maradufu. Eneo la milimita 20 kwa 50 lina ncha 600 hivi kwa mistari 20, na zaidi ya 1,300 kwa mistari 30. Leo ni 20.

Saa 3

Kipande cha mbao ngumu kinachongwa kiingie kwa kubana kwenye njia ya magazini, la sivyo jiliwa litaifinya fremu na magazini haitapita tena. Taya za jiliwa zinavishwa vipande vya alumini. Uso unapakwa wino wa maka peni, na mipaka inachorwa kwa sindano ya kuchorea: mstari wa katikati kutoka juu hadi chini, mpaka wa juu milimita chache chini ya kikinga, na mpaka wa chini.

Mstari wa katikati ndio roho ya kazi. Usiupate kwa kukisia ukingo wa fremu, kwa kuwa kingo za fremu nyingi zimepigwa msasa kiwandani na hazilingani. Pima kutoka bavu zote mbili bapa, juu na chini, kisha unganisha alama kwa rula ya chuma. Mfuo wa kwanza unakatwa kwa tupa ndogo ya pembetatu ikiegemea rula iliyobanwa, si kwa tupa ya mirabaraba. Sababu ni hii: tupa ya mirabaraba ina safu nyingi za meno, na safu moja inapokaa kwenye mfuo uliopo, inayofuata inachora mfuo mpya. Inanakili. Mfuo wa kwanza ukipinda kwa unywele, wa pili utapinda hivyo hivyo, na kufikia wa nane hata mtu asiyejua kazi ataona.

Saa 4 hadi saa 6

Mifuo ya wima. Uso umepinda, hivyo ni safu mbili au tatu tu za meno zinazogusa chuma kwa wakati mmoja. Safu moja ilale kwenye mfuo wa zamani, ile ya pembeni ifungue mpya. Sukuma mbele, inua, rudi. Kuburuta tupa nyuma hakukati chochote, kunaua meno. Misukumo mitatu au minne myepesi inatosha kuacha alama, halafu songa. Geuza fremu kwenye jiliwa kila baada ya mifuo michache ili sehemu unayokata itazame juu. Ukiinamisha mkono badala ya kugeuza fremu, mifuo italala upande na ncha zake zitakuwa kama meno ya msumeno.

Hapa pana kishawishi kikubwa: kuchimba mfuo mmoja hadi mwisho ili kuona umbo linavyotokea. Usifanye. Duru ya kwanza ni ya kuchora tu, eneo zima. Mfuo wenye kina cha moja ya kumi ya milimita bado unasukumika upande mmoja kwa tupa ya pembetatu, ukikandamiza ukuta wa upande unaotaka uhamie. Ukishafika nusu ya kina, umekwisha kuamua. Kwa hiyo baada ya duru hiyo, simama, washa taa kutoka ubavuni, angalia kwa kioo cha kukuzia. Mwanga wa pembeni huonyesha mfuo uliokengeuka kama kivuli kinene.

Kikinga cha kifyatulio ndicho adui wa mifuo ya wima. Tupa haina pa kupitia, inagonga. Njia inayofaa ni kukata kwanza mfuo mmoja wa mlalo kwenye mpaka wa juu, uwe kituo cha mifuo yote. Pua ya tupa inasagwa bapa isiwe na meno, na milimita kumi za mwisho zinakatwa kwa tupa fupi iliyopinda, kwa misukumo mifupi sana. Kikinga chenyewe kifunge tabaka tatu za utepe wa gundi. Haziizuii tupa, lakini zinakupa sekunde ya kushtuka.

Ukisikia tupa imebadili sauti, ikawa inakwaruza badala ya kukata, chenga zimenasa kati ya meno na sasa zinachora mikwaruzo mirefu kwenye mifuo safi. Safisha kwa brashi ya waya wa shaba kila mfuo mmoja au miwili, kisha paka chaki kwenye meno. Chaki inazuia chenga kushika. Mafuta nayo husaidia kwenye chuma kisichoshika kutu, ambacho hunata, lakini usichanganye viwili hivyo, utapata ugali.

Saa 7 mchana

Mapumziko, na si ya hiari. Mkono uliochoka hubonyeza zaidi bila kujijua.

Saa 8 hadi saa 10

Mifuo ya mlalo. Mfuo wa mpaka wa juu umeshakatwa, nao ndio rula yako, mradi uliupima kwa skwea dhidi ya mstari wa katikati. Mifuo ya wima na ya mlalo ikikutana kwa nyuzi 90, kila ncha inakuwa piramidi yenye kitako cha mraba. Ikikutana kwa nyuzi 88, macho yataona mshazari kabla akili haijajua kwa nini.

Safari hii hali imegeuka. Kwa urefu uso umenyooka, hivyo safu nyingi za meno zinagusa pamoja. Usambamba unajilinda wenyewe, ila kila msukumo unakata kidogo. Tatizo jipya ni mzunguko: tupa lazima ibingirike juu ya mpindo kutoka ubavu hadi ubavu katika msukumo mmoja. Ukisukuma bapa, katikati patachimbika na pembeni patabaki na michoro tu. Nguvu ipungue mwishoni mwa msukumo, maana ncha za safu ya ukingoni hazina jirani wa kuziegemeza na huvunjika kirahisi. Ncha ikivunjika ukingoni, suluhisho ni kuusogeza mpaka ndani kwa mfuo mmoja, upande wa pili vilevile.

Kina kinaongezwa kwa kupokezana: duru ya mlalo, duru ya wima, tena mlalo. Kila duru inakunja utando mwembamba wa chuma kuelekea mifuo ya upande mwingine, na duru inayofuata inauondoa. Anayemaliza wima yote kwanza hujikuta na ncha zilizochanika upande mmoja.

Saa 11 jioni

Vilele vikiwa vimebaki bapa kwa upana wa moja au mbili ya kumi ya milimita, weka pembeni tupa ya mirabaraba. Kumalizia ni kwa tupa ya sindano ya pembetatu yenye nyuzi 60 kwa mifuo ya 60; kwa mifuo ya 90 chukua tupa ya mraba, ukikata kwa kona yake. Mfuo mmoja kwa wakati, misukumo miwili, angalia. Bapa ndogo ya mwisho inapopotea, acha hapo hapo. Msukumo wa ziada haunoi ncha, unaifupisha, na ncha fupi kati ya ndefu inaonekana kama pengo la jino.

Ncha kali kabisa zinafaa kwa picha. Kwa mkono, piga msasa wa 400 uliozungushwa kwenye kifutio laini, mara mbili tatu kwa wepesi, hadi zisinase kitambaa.

Fremu ya alumini inahitaji onyo lake. Tabaka gumu lililo juu yake ni jembamba kuliko hata mfuo wa kwanza, na chini yake ni laini. Mirabaraba iliyochongwa juu ya alumini bila kuwekewa tabaka hilo upya hulika upesi.

Saa 12 jioni

Maji ya moto yenye sabuni na brashi ya nailoni, kisha hewa ya shinikizo kwenye kila tundu la pini, kisha asetoni. Chuma cha pua kilichobaki uchi kinaweza kuanza kutu usiku huohuo palipo na unyevu, kwa hiyo kama dawa ya kutia weusi haitapakwa leo, kipakwe mafuta. Kabla ya kurudisha kifaa chochote, kipande cha mbao kinatolewa na magazini tupu inaingizwa. Iingie na ianguke kwa uzito wake, kama asubuhi.