Kipushi: zinki nyingi, na maji

Mgodi wa Kipushi uko takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Ulianza 1924 kwa shaba. Utajiri wake mkubwa wa leo ni zinki, pamoja na risasi, fedha na jerimaniamu. Mbale, yaani mawe yenye madini, imefuata ufa wa Kipushi na kula dolomiti, mwamba unaofanana na chokaa, iliyo pembeni. Sehemu iitwayo Big Zinc ina zaidi ya asilimia 30 ya zinki, kiwango cha nadra sana duniani.

Dolomiti hiyo hiyo ndiyo hatari: ina mianya inayopitisha maji. Shimo namba 5 lina kina cha mita 1,240, na pampu kuu ziko karibu na mita 1,200. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, ngazi za chini za mgodi zikafurika. Kwa hiyo pampu za akiba na umeme wa dharura si anasa hata kidogo.

Juu, mawe hutenganishwa kwanza kwa uzito, ndani ya maji yaliyofanywa mazito kwa unga wa ferosilikoni (chuma na silikoni): dolomiti, yenye uzito wa karibu mara 2.85 ya maji, huelea, sfaleraiti, madini yenye zinki, karibu mara 4, huzama. Kinu hakipotezi umeme kusaga taka.