Kitone Changu Mgongoni mwa Blue Ridge

Wiki moja kabla ya safari, mama alinipigia simu kutoka Lushoto. Shikamoo yangu haikufika mwisho.

"Marahaba. China umekwenda lini?"

Nilikuwa sebuleni kwangu Silver Spring, Maryland, nimevaa kandambili, bisibisi mkononi. China sijawahi kukanyaga. Ila mpwa wangu alikuwa amefungua aprs.fi, tovuti ya ramani inayoonyesha walipo watu wenye redio kama yangu, kwenye simu yake, akaandika alama ya wito iliyo kwenye leseni yangu ya redio, na ramani ikamwonyesha mjomba wake pembezoni mwa jangwa la Taklamakan. Kosa lilikuwa herufi moja tu. Ndani ya nyumba GPS haikamati setilaiti, kwa hiyo nilikuwa nimeingiza mahali nilipo kwa mkono ili nijaribu mtambo. Pa kuandika magharibi nikaandika mashariki. Digrii 77 magharibi ni kwangu. Digrii 77 mashariki, kwenye latitudo ile ile, ni mchanga wa China.

"Basi rudi," mama akasema baada ya maelezo marefu, "na ukisafiri kweli uniambie, nitakuwa nakutazama."

Safari ya kweli ilikuwa Skyline Drive, barabara ya maili 105 inayopita juu kabisa ya milima ya Blue Ridge ndani ya hifadhi ya Shenandoah, jimbo la Virginia. Ilikuwa Oktoba, majani yamegeuka rangi. Nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa, hema moja, na kisanduku kidogo kama chombo cha chakula cha shule. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kipokezi cha GPS, bodi ndogo ya umeme niliyoiunga mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea, redio ya VHF na betri. Juu ya paa la gari nikapachika antena ya sumaku yenye urefu wa karibu nusu mita.

Watu wengi hudhani setilaiti za GPS zinakuona. Hazikuoni. Zenyewe zinapiga mbiu ya saa na mahali zilipo. Ni kifaa chako kinachosikiliza na kupiga hesabu, na setilaiti haijui kama wewe umezaliwa. Ukitaka mtu ajue ulipo, lazima useme mwenyewe, na hapo ndipo redio inapoingia. Kila baada ya muda kisanduku changu hugeuza digrii zangu kuwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, ikipokezana upesi mno kiasi kwamba sikio linasikia mkwaruzo mmoja tu, kama nzi aliyenaswa kwenye kopo. Haufiki hata sekunde. Hiyo ndiyo pakiti. Hapa Marekani wote tunazitupa kwenye masafa yale yale, megahezi 144.390, na vituo vilivyo milimani, ambavyo sisi huviita dijipita, vinazidaka na kuzitupa mbele. Pakiti yangu hubeba ruhusa ya kurudiwa mara mbili. Ni kama tiketi mbili mkononi: kila kituo kinachana moja, zikiisha safari imekwisha. Njiani ikisikiwa na mtu aliyeunganisha redio yake na intaneti, dakika hiyo hiyo mama anaiona Lushoto.

Aliyebuni mpango huu, Bob Bruninga, alikuwa mhandisi kwenye chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis, mwendo usiofika saa moja kutoka kwangu. Alifariki mwaka 2022. Mwaka 1984, kabla mpango haujapata hata jina lake la sasa la APRS, alitumia kompyuta ndogo ya nyumbani kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100. Nikiona vijana wanadhani kufuatana kwenye ramani kumeletwa na simu zao, huwa nawakumbuka wale farasi.

Mke wangu hakupendezwa. Yeye ni muuguzi, wikiendi ile alikuwa zamu, na aliposikia kwamba kila pakiti inabeba alama yangu ya wito, akauliza kama anwani yetu nayo inaonekana. Nikakiri: anwani ya mwenye leseni iko wazi kwenye orodha ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, yeyote anaweza kuitafuta.

"Yaani umefanya mtihani wa serikali ili uwatangazie wezi kwamba baba mwenye nyumba yuko porini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tulikubaliana kisanduku kiwashwe tukishaupita mji wa Manassas, na wakati wa kurudi kizimwe kabla ya hapo. Yeye mwenyewe, lakini, alifungua ramani kazini kila alipokunywa chai.

Kwenye barabara kuu ya 66 mambo yalikwenda vizuri. Taa nyekundu inawaka, mkwaruzo unatoka, binti yangu anatazama simu na kutangaza: "Kimetokea! Kingine!" Vitone vikajipanga nyuma yetu kama punje za mtama zilizodondoka kwenye gunia lililotoboka. Tukafika Front Royal, tukalipa getini, tukaanza kupanda. Kutoka hapo, kimya. Taa inawaka, nzi anakwaruza, lakini kwenye ramani tumeganda getini.

Nilisimama Dickey Ridge, maili ya tano hivi, kwenye jengo la wageni. Tayari mke wangu alikuwa ameandika: "Mbona mmesimama? Gari imeharibika?" Hii ndiyo hila ya kitone. Usipokuwa nacho, hakuna anayekuuliza. Ukishakianzisha, kikinyamaza ni habari.

Kwenye maegesho kulikuwa na gari kuukuu lenye antena tatu, na namba yake ya usajili ilikuwa alama ya wito. Mwenyewe, mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya majani, alikuwa anakunywa kahawa ya chupa. Nikamsalimia, nikamweleza. Hakugusa kitu. Alifungua redio yake, akaniomba nitume pakiti moja, akainamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini ya mteja.

"Tuma tena."

Nikatuma.

"Unapiga kelele, rafiki yangu."

Kumbe tatizo ni mimi. Nyumbani nilikuwa nimepandisha sauti inayotoka kwenye bodi kuingia redioni, kwa akili kwamba milimani ni mbali, lazima nipaze. Kwenye FM mambo hayaendi hivyo. Sauti ikizidi, mawimbi yanatanuka kupita dirisha la mpokeaji, kingo zinakatwa, na ile milio miwili inafika imepondeka. Mjini wapokeaji ni wengi, hata sauti mbovu hupata mwenye sikio la huruma. Mlimani nilikuwa nategemea kituo kimoja au viwili, navyo vilinisikia kila mara bila kuelewa neno.

Alinipa bisibisi yake, ndogo kuliko kalamu. Juu ya bodi kuna skrubu ya shaba yenye ukubwa wa punje ya mchele. Robo mzunguko kurudi nyuma, nikatuma: hakuna. Kidogo tena. Mkwaruzo ukabadilika, ukawa laini, karibu wa adabu. Redio ya mzee ikalia kengele, alama yangu ya wito ikaandikwa kwenye kioo chake, na sekunde moja baadaye tukasikia pakiti ile ile ikirudi kutoka mlima fulani, kwa sauti nyingine. Nilitaka kumkumbatia. Alichotaka yeye ni bisibisi yake.

Skyline Drive ina mwendo wa mwisho wa maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, na siku za majani huufikii. Kila baada ya maili kuna nguzo fupi ya saruji, upande wa kulia ukielekea kusini. Kushoto unaona mashamba yakishuka taratibu upande wa mashariki, kulia ni bonde la Shenandoah. Kwa mtu wa redio hapa ni kibarazani mwa nyumba: unaonwa pande zote mbili. Tatizo likawa kinyume cha lile la asubuhi. Kisanduku nilikipangia kitume kila gari linapokata kona, ili mstari kwenye ramani usikate milima, na barabara ile ni kona tupu. Nikawa naropoka. Masafa ni ya watu wote. Anayejaza hewa kwa kona zake anawaziba wengine midomo. Tukasimama kwenye kituo cha kutazama bonde, nikachomeka kompyuta, nikakiambia kinyamaze kidogo.

Maili ya 32 kuna Mary's Rock Tunnel, tundu la mita 200 hivi kwenye mwamba. GPS ikapotea, taa yake ikaanza kupepesa. Binti yangu akazima muziki. "Sasa hivi hatupo popote," akanong'ona, na alifurahi sana. Tulipotoka upande wa pili taa ikatulia, akasikitika.

Hawksbill tulipanda kwa miguu, na redio ya mkononi yenye GPS yake ikining'inia mkobani. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote hifadhini, mita 1,235. Njia ya kutokea Hawksbill Gap ni fupi lakini inakutoa jasho. Juu kuna jukwaa la mawe, na vilima vya buluu vimepangana mpaka macho yanachoka. Mtandao wa simu ukaingia ghafla, na ujumbe wa sauti wa mama ukawa wa kwanza. Pakiti hubeba pia kimo, na mpwa alikuwa amemsomea.

"Anasema uko kwenye kilele. Mita elfu moja mia mbili na kitu. Mwanangu, hapa sokoni kwetu tunapouza karoti ni elfu moja na mia nne. Hicho ni kilele gani?"

Niliwachezeshea wapandaji wenzangu ule ujumbe, nikawatafsiria. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku tulilala Big Meadows, maili ya 51. Hapo simu ilikufa kabisa. Na nilikuwa nimesahau mtungi wa gesi wa jiko, kwa hiyo chakula cha jioni kilikuwa mkate na maharage ya kopo, baridi. Vyakula vingine tukavifungia garini kwa sababu ya dubu.

Lakini kulikuwa na jambo nililoliwekea miadi. Kituo cha kimataifa cha anga kina dijipita yake, megahezi 145.825, na ratiba ilionyesha kitapita juu yetu saa tatu na dakika kumi usiku. Antena yangu ya kazi hiyo ni bomba la plastiki la maji na vipande vya tepu ya chuma ya fundi seremala. Ukipita nayo vichakani inajikunja, halafu inanyooka yenyewe. Redio ilikuwa na wati 5. Kituo kiko kilomita 400 hivi juu, ila kikianza kuchomoza upeoni umbali ni mara kadhaa ya hapo, na kuna dakika kumi tu mpaka kizame.

"Tuandike nini?" nikamuuliza. Pakiti ina nafasi ya maneno machache.

Hakufikiri. "Bibi huwa anauliza kama tumekula. Andika tumekula."

Nikaandika: TUKO SALAMA. TUMEKULA.

Kituo hakikuonekana, kwa kuwa saa ile kilikuwa ndani ya kivuli cha dunia. Binti yangu alishika antena kwa mikono miwili, mimi nikishika dira na tochi ya rangi nyekundu, nikimwambia panda, panda, sasa kushoto. Kwanza ni mvumo mtupu. Halafu nzi wakaanza, mmoja, wawili, kundi zima: watu wa majimbo mengine nao wanagombania mlango. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, aliyekuwa na nguvu zaidi akanifunika. Mara ya tano nilipunguza haraka, nikasubiri upenyo, nikatuma katikati ya pumzi ya wenzangu. Kioo kikaandika alama yangu ya wito, na mbele yake RS0ISS na nyota kando. Nyota maana yake kimeipokea na kuirudia.

"Kimesema?" akauliza, mikono inatetemeka kwa uchovu.

"Kimesema."

Asubuhi tulipokaribia kutoka kwenye giza la mtandao, simu ikaanza kulia mfululizo kwenye kiti. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa saa kumi na robo alfajiri, saa za Lushoto. Mama huamka muda huo kuswali tahajudi, na alikuwa amemtoa mpwa usingizini amfungulie ramani. Nyuma ya sauti yake nikasikia jogoo, na kijana akipiga miayo.

"Nimesoma mmekula," alisema. "Alhamdulillahi. Mmekula nini?"

Tukatazamana. Binti yangu akaichukua simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakohoa kidogo.

"Wali, bibi," akasema. "Wali na samaki."