Dirisha la Frank Sobotka

Ukiwauliza waliotazama The Wire, tamthilia ya runinga kuhusu polisi na wauza dawa za kulevya, kuhusu ishara zilizofichwa ndani yake, wengi watakutajia sataranji. Katika kipindi cha tatu cha msimu wa kwanza, D'Angelo Barksdale, muuza dawa, anawakuta vijana wake Wallace na Bodie wakicheza drafti kwa kete za sataranji, akaketi kuwafundisha mchezo wenyewe: mfalme habanduki, na zile kete ndogo za mbele hufa mapema. Nalipenda sana onyesho hilo. Ila ishara hiyo haikufichwa hata kidogo. Wahusika wenyewe wanaifafanua, na Bodie anairudia msimu wa nne akizungumza na mpelelezi McNulty, muda mfupi kabla hajauawa. Safari hii natafuta zile ambazo hakuna anayezieleza.

Nimeanza kuitazama upya tangu mvua zishike hapa Kisumu, jioni, stima ikiwepo. Kituo cha runinga cha HBO kiliionyesha kuanzia 2002 hadi 2008, misimu mitano, vipindi 60, na karibu yote yanatendeka Baltimore, mji wa bandari huko Marekani. David Simon aliyeibuni alikuwa ripota wa gazeti katika mji huo huo, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi, kisha akawa mwalimu. Ndiyo maana mambo madogo hayawekwi ovyo. Hawa ni watu walioishi kwa kutazama vitu vidogo.

Msimu wa pili ndio wengi huuruka. Wanalalamika kwamba vijana wa mtaani wamewekwa kando na badala yake tunaletewa wazee wa bandarini wanaokunywa bia asubuhi. Mimi kwangu huo ndio moyo wa tamthilia nzima, na moyo wenyewe ni dirisha la kanisa.

Kisa chote kinaanzia hapo. Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli, ametoa dirisha la vioo vya rangi kwa parokia yake. Kiooni wamechorwa makuli wakipakua meli. Meja Valchek wa polisi naye alikuwa na dirisha lake la kutoa, lenye sura ya polisi, na alilitaka mahali pale pale. Anapoambiwa pameshachukuliwa, anauliza: chama chenye wanachama wachache hivi kimetoa wapi pesa? Wivu huo tu ndio unaozaa upelelezi. Maiti, magendo, kesi, vyote vinakuja baadaye. Frank kwa upande wake hakutoa dirisha kwa ibada peke yake. Alitaka padri amsaidie kumfikia seneta, ili mfereji uchimbwe kina na gati la nafaka lifufuliwe.

Sasa weka dirisha hilo kando ya kontena. Kontena liko kila mahali msimu huu. Ndani ya moja, askari wa bandari Beadie Russell anakuta wanawake 13 wamekufa. Mengine yanabeba dawa za kulevya na bidhaa za wizi. Makuli wanaiba gari la upelelezi la Valchek, wanalifungia ndani ya kontena na kulisafirisha ng'ambo, kisha picha zake zinamfikia kutoka bandari moja baada ya nyingine. Sanduku la chuma halina uso. Hujui limebeba nini mpaka ulivunje, na halijali limebeba nini. Dirisha ni kioo: mwanga unapita na sura ya kuli inaonekana. Msimu mzima, kwa macho yangu, ni shindano la vitu hivi viwili. Frank anataka watu wake waonekane, na pesa za kuwafanya waonekane anazipata kwa kutouliza kilichomo ndani ya kontena. Nalisema hili bila kusita: sijaona tamthilia ya polisi yenye ishara nzito kuliko hiyo, na imewekwa waziwazi kwenye kipindi cha kwanza cha msimu.

Huwa natazama na baba mkubwa wangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mizigo ya bandari yetu. Reli ilifika hapa ziwani 1901, wakati pakiitwa Port Florence, na mji ukakua kwa sababu ya treni kukutana na meli. Yeye aliikuta enzi ya MV Uhuru, meli iliyopandisha mabehewa mazima. Reli ilikuwa inaingia hadi tumboni mwa meli, mabehewa yakasukumwa ndani yakiwa na mizigo yake, yakashukia Port Bell ya Uganda au Mwanza. Magugu maji yakaja, biashara ikapungua, na meli hiyo ikakaa miaka mingi bila kazi kabla ya kukarabatiwa na kurudi majini 2019.

Kuna kipindi Frank anaonyeshwa filamu fupi ya bandari ya Rotterdam, ambako mitambo inapakua meli bila kuli hata mmoja. Wenzake ukumbini wanaitazama kama maendeleo. Uso wa Frank umekunjamana. Baba mkubwa akaniambia nisimamishe.

"Hiyo sisi tuliiona mapema," akasema. "Behewa lilikuwa linafika limetiwa lakiri. Linaingia melini, linatoka ng'ambo, na lakiri yake iko vile vile. Unafikiri kuli alikuwa anagusa nini?"

"Lakini baba mkubwa, kazi si ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mwanangu. Ya magunia. Ya behewa, hapana."

Halafu akauliza kama lile dirisha la kanisani ni la kweli au limechorwa kwa ajili ya filamu. Nikamwambia hata kama ni la filamu, mtu alikaa akalibuni. Akanyamaza kidogo. "Sisi hakuna aliyetuchora," akasema, akaniashiria niendelee.

Sentensi hiyo imenifanya niyaangalie upya mambo mengine. Mkuu wa magendo anaitwa Mgiriki tu, na mwishoni anasema yeye hata si Mgiriki. Yaani mwenye faida kubwa kuliko wote hana jina wala kabila, naye anaondoka uwanja wa ndege bila kuguswa, wakati Frank, ambaye sura za watu wake zimo kwenye kioo, anaopolewa majini amekufa. Simon amewahi kusema aliijenga hadithi hii kama tanzia za Wagiriki wa kale, ila mahali pa miungu akaweka taasisi. Ukilijua hilo, jina la yule bwana halisikiki kama jina la mtaani tena.

Na dirisha haliishii bandarini. Msimu wa nne umejaa madirisha yaliyozibwa kwa mbao, ya nyumba tupu ambamo watu wa Marlo, mkuu mpya wa wauza dawa, wanaficha maiti. Nyumba zile kila mtu anazipita. Mpelelezi Lester Freamon pekee ndiye anayesimama na kuona kwamba misumari ya mlango mmoja haikupigwa kama ya milango mingine. Ni huyo huyo ambaye tangu msimu wa kwanza tunamwona mezani akichonga samani ndogo za nyumba za wanasesere. Nina hakika hawakumpa kazi hiyo ya mikono bure. Mtu anayejua jinsi kiti kidogo kinavyoungwa ndiye atakayejua ubao umepigwa na nani.

Baba mkubwa hajafika huko bado, tumeingia msimu wa tatu juzi. Nilipojaribu kumdokezea habari za misumari akanikatiza, akasema nimwache aione mwenyewe, maana amefungua makreti maisha yake yote na anataka kujua kama atamtangulia Freamon.