Jinsi nilivyojua hela ya matumizi inakoishia

Tarehe 20 ilikuwa haifiki, hela ya matumizi imekwisha. Nilikuwa nalaumu vitu vikubwa: kodi, ada, gesi. Mume wangu akiuliza, jibu langu lilikuwa moja tu, "maisha yamepanda."

Kwanza nilijaribu kuandika usiku kabla ya kulala. Haikufaa. Nikishika kalamu nakumbuka nusu. Nyanya za gengeni na nauli ya bodaboda zimeshanitoka kichwani. Nikanunua daftari dogo, nikalifunga kamba pamoja na kalamu, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyetoa hela anaandika palepale akiingia, awe baba, dada wa kazi au mtoto aliyetumwa dukani. Miamala ya simu naisoma kwenye meseji kila Jumapili, na makato nayaandikia mstari wake.

Mwisho wa mwezi nikajumlisha. Kodi na ada zilikuwa zilezile nilizozijua. Kilichonishtua ni mafuta ya kula ya kupima: 1,500 kila siku, yaani 45,000 kwa siku 30, wakati dumu la lita 5 niliuziwa 32,000 na likatuvusha mwezi. Sukari ya robo robo nayo hivyohivyo.

Sasa hela ikiingia, dumu na sukari vinanunuliwa kwanza, kabla sijapita gengeni. Mwezi uliopita, tarehe 29, daftari lilionyesha salio la 18,000, na pochi ilikuwa nayo kweli.