Na Mfereji Uko Wapi?

Mwaka 2019, maoni yalipokuwa yakikusanywa kuelekea mapitio ya 2020 ya kazi ya Umoja wa Mataifa ya kujenga amani, mashirika kadhaa ya kiraia yalikutana kwa siku moja katika ukumbi mmoja wa Upper Hill, Nairobi. Mimi nilikuwa karani wa kikundi chetu. Nilimwomba mama mmoja wa Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, jirani yetu wa miaka mingi, tuandamane, kwa kuwa sikuona tungezungumziaje amani ya mitaa yetu bila mtu aliyeilinda.

Mezani tuliwekewa nakala za Azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama, lililopitishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 31 Oktoba 2000, pamoja na maazimio pacha ya 2016, ya Baraza hilo na ya Baraza Kuu, kuhusu kudumisha amani. Zote zilikuwa kwa Kiingereza. Nilimsomea Mama kwa Kiswahili kile kipengele cha Azimio 1325 kinachotaka juhudi za amani za wanawake wa mashinani ziungwe mkono. Akaniomba nirudie, kisha akauliza kiliandikwa mwaka gani. Nilipomjibu alisema, "Basi 2008 kilikuwapo tayari," akanyamaza.

Zamu yake ilipofika alisimama na kueleza Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wiki chache kabla ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia saini makubaliano ya amani ya tarehe 28 Februari. Vijana wa pande mbili walikuwa wameweka mpaka katikati ya mtaa, na mfereji wa maji, yaani bomba, ukabaki upande mmoja. Yeye na wanawake wengine wanne, wawili kutoka kila upande na yeye wa tano, walikubaliana kwamba saa kumi na moja alfajiri mfereji ungefunguliwa kwa wote, na kwamba atakayemgusa mwanamke mwenye mtungi angekuwa amemgusa mama yake mwenyewe. Pale kwenye foleni ndipo walipopashana habari za mashambulizi yaliyokuwa yakipangwa, wakawahi kuhamisha watoto. Alitaja majina ya wale wanne, na wawili kati yao walikuwa wameshafariki. Ukumbi mzima ulitulia.

Nilikuwa na nafasi ya aya moja tu katika ripoti ya kikundi. Niliandika kwamba wanawake walichangia kuimarisha mshikamano wa jamii wakati wa mgogoro. Niliamini nimemtendea haki, kwa sababu hiyo ndiyo lugha niliyoizoea katika ripoti zote nilizowahi kuandika, na niliijua kuwa lugha inayopokelewa. Mama akaomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Akaniangalia.

"Na mfereji uko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Maazimio yote yaliyokuwa mbele yetu yalitaka wananchi wa kawaida washirikishwe, na mimi niliyepewa kalamu kwa niaba yao nilikuwa nimemwondoa mwananchi, saa yake na maji yake, nikabakiza neno. Nilimwendea msimamizi wa kikao nikamwomba nafasi zaidi. Alisema muda umekwisha. Nilirudi mezani nikafuta sentensi yangu, nikaandika upya katika aya ileile: saa kumi na moja alfajiri, mfereji mmoja, wanawake watano, watoto waliohamishwa. Kila mstari Mama alinithibitishia kabla sijaendelea.

Miezi kadhaa baadaye nilipata muhtasari wa mwisho wa mkutano ule. Mfereji ulikuwamo, katika nusu ya sentensi, bila idadi ya wanawake wala saa. Nilimpelekea nyumbani, nikamsomea. Alikaa kidogo, kisha akaomba nimtolee nakala mbili, moja ya kwake na nyingine ya kupeleka kwenye baraza la chifu, kwa kuwa wiki ile watu walikuwa wameanza tena kugombania maji pale pale.