Seva ya Shangani imenitoa jasho

Wiki nzima nimepiga magoti mbele ya seva (kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine) ya ofisi moja hapa Shangani, Mtwara. Ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, na wenyewe walishakata shauri kwamba ni kirusi.

Nikachomoa nyaya zote mbili za umeme (ina pawa saplai mbili, ukitoa moja bado iko hai), nikashika kasha lake la chuma kwanza ili kutoa umeme tuli mwilini, ndipo nikafungua. Lahaula! Vumbi limeshikana na unyevu wa bahari, feni moja imeganda kama ugali uliolala. Hiyo niliibadilisha chapuchapu, haina hata skrubu.

Kazi ikawa RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Moja ilikuwa mbovu, nikaagiza Dar, aina ya DDR4 ya GB 16, nikaipokea stendi kwa mbwembwe zote. Kuichomeka: milio tu, skrini nyeusi tii. Kumbe nimeletewa ya kompyuta ya mezani! Seva ile inataka RAM za rejista, zenye chipu ya ziada katikati. Tundu ni lilelile, inaingia vizuri tu, lakini hazipatani kabisa. Kosa langu, sikumtumia muuzaji picha ya lebo.

Ya pili imefika leo. Nimeikandamiza kwa vidole gumba mpaka vibanio vikalia ta! pande zote mbili. Ikawaka.

Mama wa mapokezi kaniletea korosho kwenye kipande cha gazeti. "Fundi, kirusi kimetoka?"

"Kimetoka, mama."