Nilivyosafisha ukoko wa kaboni kwenye injini ya Noah nikiwa nyumbani

Kwa muda wa miezi miwili Toyota Noah yetu ya mwaka 2004 ilikuwa ikitetemeka kila tuliposimama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Mshale wa mzunguko wa injini ulishuka hadi karibu 500 kwa dakika, ukapanda ghafla, ukashuka tena, na mara mbili injini ilizimika kabisa tukiwa kwenye mataa ya Magomeni. Fundi wa kwanza alinishauri ninunue nozeli zote nne. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu nilitaka kwanza kuona kwa macho yangu kilichomo ndani.

Injini ya gari hili ni 1AZ-FSE ya lita 2, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la D-4. Katika injini za kawaida za petroli, nozeli hunyunyizia mafuta nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na petroli hiyo huziosha valvu wakati wote injini inapofanya kazi. Katika D-4 petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, hivyo valvu haziguswi na mafuta hata kidogo. Wakati huohuo mvuke wa oili unaotoka chini ya injini, pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani na valvu iitwayo EGR, hupita palepale, hugandishwa na joto, na kujenga ukoko mweusi mfano wa ule wa sufuria ya wali iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo maana dawa ya kumimina kwenye tangi inaweza kusafisha nozeli za injini hii, lakini haiwezi kuufikia ukoko wa valvu, na muuzaji anayekuambia vinginevyo anakupotezea fedha.

Nilianza kazi Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa nje penye hewa, kwa kuwa dawa ya kusafishia kabureta na throto hushika moto upesi na harufu yake huumiza kifua. Nilivaa glavu, nikafungua waya wa hasi wa betri, nikaondoa bomba la kichujio cha hewa, kisha nikaichomoa throto, yaani mlango wa kupitishia hewa ya injini, kwa soketi namba 10 na namba 12. Kabla ya kufungua mipira midogo ya maji niliiwekea alama, na nikaibana ili maji ya rejeta yasimwagike.

Upande wa mbele wa throto ulikuwa na vumbi la kawaida tu, lakini nyuma ya kile kisahani cha shaba palikuwa na pete nene ya masizi yenye unyevu wa oili, iliyoziba kabisa ule mwanya mwembamba ambao injini hupumulia usipokanyaga mafuta. Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikosa sailensi, yaani mngurumo uliotulia usipokanyaga mafuta. Nilipuliza dawa kwenye kitambaa, si kwenye throto yenyewe, kwa sababu upande mmoja una mota na vifaa vya umeme, nikafuta taratibu kwa kitambaa na mswaki laini wa meno. Usitumie brashi ya waya, wala usikisukume kisahani kwa nguvu ya kidole, maana meno ya mota yake ni ya plastiki.

Valvu ya EGR ilinichukua muda mrefu zaidi, kwani masizi yake yalikuwa makavu na magumu kama mkaa, nikalazimika kuyaloweka na kuyakwangua kwa kijiti cha mbao. Mwisho niliitoa valvu ya PCV, ile ndogo inayopitisha mvuke wa oili, nikaitikisa karibu na sikio. Nzima hulia kama punje ndani ya kopo. Yangu ilikuwa kimya, imeganda. Nilinunua mpya na gasketi ya throto.

Ningependa kuwasihi wasomaji waachane na mtindo wa kusafisha kwa kunyunyizia maji kwenye throto injini ikiunguruma. Maji hayabanwi kama hewa, na yakizidi ndani ya silinda yanaweza kupinda konrodi, mkono unaoshika pistoni.

Baada ya kufunga kila kitu na kuongeza maji ya rejeta, niliwasha gari nikaliacha bila kukanyaga mafuta. Mzunguko ulianza juu sana, jambo ambalo ni la kawaida kwa kuwa kompyuta ya injini ilikuwa imezoea throto chafu, na baada ya takriban robo saa ukatulia kwenye 700.

Valvu zenyewe bado sijazisafisha. Kazi hiyo inataka manifodi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, ishuke na krankishafti, mhimili mkuu wa injini, izungushwe kwa mkono, ili valvu za silinda inayosafishwa ziwe zimefunga na uchafu usidondokee ndani, na nimepanga kuifanya na fundi mzoefu hapahapa uani mwishoni mwa mwezi.